Kioo cha laptopu kimekuwa giza: duka la kwanza walitaka 160,000, fundi wa ghorofani kamaliza kwa 30,000

Naandika hii hasira haijaisha vizuri kwa hiyo mnivumilie.

Mimi nina steshenari ndogo jirani na chuo, nachapia wanafunzi ripoti za fildi na risechi. Mwezi uliopita kibodi ya laptopu ikaanza kugoma herufi A, na Kiswahili bila A utaandika nini jamani. Nikaipeleka Kariakoo kwenye duka moja zuri tu, eisii, vijana wametupia tisheti za kufanana, jina siliweki hapa. Kibodi wakabadilisha kwa 45,000. Jioni nimeenda kuchukua kijana ananikabidhi laptopu imezimwa, "sista chaji imeisha, kaichomeke nyumbani". Na mimi kwa ujinga wangu, nawaza foleni ya mwendokasi, nikabeba nikaondoka.

Nafika nyumbani nawasha, taa ya kapslok inawaka, feni inazunguka, kioo giza. Nikafikiri mwanga umeshushwa, nikabonya vitufe vya kuongeza mpaka kidole kikachoka, wapi. Nikachomoa chaja nikashikilia kitufe cha kuwasha sekunde 30 hivi halafu nikawasha tena, vilevile. Mdogo wangu akasema ingia kwenye BIOS, yaani ile sehemu ya mipangilio kabla Windows haijaamka (kwenye HP unabonya F10, Dell F2, ThinkPad F1), kule kukiwa na mwanga wa kawaida ujue tatizo ni Windows au draiva (programu inayoendesha skrini), kukiwa giza na kule basi Windows usiisumbue. Kwangu giza mpaka huko.

Halafu akafanya kitu ambacho nawaomba wote mkijue. Akazima taa ya chumbani, akawasha tochi ya simu akaielekeza kwenye kioo kwa upande, kama mtu anayetafuta mkwaruzo kwenye gari. Picha ipo! Nikaiona sura ya mwanangu niliyoiweka pale kwenye deskitopu, imefifia kama picha ya mazingaombwe, na alama ya mausi inatembea. Tukachomeka waya wa HDMI kwenye TV, kila kitu kinaonekana safi. Maana yake kompyuta nzima, picha ipo mpaka kwenye kioo, kilichokufa ni taa ya nyuma ya kioo tu.

Kesho yake nikarudi dukani na maelezo yote hayo. Kijana hata tochi hakushika, akaiwasha, akaangalia sekunde tano, "kioo kimekufa sista, hiyo bahati mbaya, kipya 160,000 na ufundi wake". Nikamwambia nimeileta hapa inawaka, imetoka kwenu haiwaki. Akaniambia vioo huwa vinakufa tu vyenyewe. Sawa.

Mteja wangu mmoja ndo akanielekeza kwa huyu mzee, jengo la zamani palepale Kariakoo, ghorofa ya tatu, lifti hamna, bango hamna, ofisi yenyewe ni meza mbili na kabati la laptopu zilizokufa. Aliniambia njoo saa tatu asubuhi, yeye kafika saa nne na robo anakunywa chai ya kwenye kikombe cha plastiki hana hata wasiwasi. Nyota ya kwanza ilitikisika hapo. Nikampa shikamoo, "marahaba binti, nini kimekusibu", nikamweleza, na kitu cha kwanza kabisa alichofanya ni kuchukua tochi. Nikajua nimefika.

Kufungua tu akasimama. "Huyu aliyefungua kabla yangu kaacha skrubu mbili." Halafu kabla hajagusa kingine akachomoa betri, ndo akanieleza nikiwa nimesimama maana kiti ni kimoja na anakikalia yeye. Anasema kioo kinakula umeme wa aina mbili, volti 3.3 kwa ajili ya picha, na mwingine mkubwa, ukiwa kwenye chaja unafika kama volti 19, kwa ajili ya taa. Huo mkubwa unapita kwenye fyuzi moja ndogo kwenye mazabodi (ile bodi kuu ya ndani), karibu na pale waya wa kioo unapochomekwa. Fundi mwenye haraka akichomoa na kurudisha ule waya na betri bado ipo, pini zinagusana, fyuzi inakwenda. Picha inabaki, mwanga unaondoka. Akarudisha umeme akaweka mita: upande mmoja wa fyuzi 19, upande wa pili sifuri. Nimeona kwa macho yangu. Na hiyo fyuzi ni kama punje ya ulezi, ukipiga chafya hauipati tena.

Nikamuuliza si aunganishe tu kipande cha waya tumalize, akanitazama kama nimetukana. Kama kuna shoti mahali, waya hautakatika, kitakachoungua ni kioo au mazabodi yenyewe. Akapima kwanza kama kuna shoti, akaangalia pini za soketi kwa lenzi, hamna iliyoungua, ndo akatoa fyuzi kwenye mazabodi iliyokufa kabatini, blowa ya hewa moto, moshi wa flaksi (dawa ya kulehemu) puani (dirisha lipo ila halifunguki), akaibandika. Kuwasha, mwanga huu hapa. Hajaridhika, akawa anafunga na kufungua mfuniko taratibu anaangalia kama mwanga unayumba, maana ukiyumba ukisogeza mfuniko ujue waya umechoka kwenye bawaba, hapo fyuzi haina kosa.

Nilimuuliza na ya shemeji yangu, ile inafifia akichomoa chaja tu, akacheka, akasema hiyo usimletee, akazime kile kisevu betri cha Windows kinachoshusha mwanga.

30,000, kama dakika 50. Hapokei kadi, nimelipa kwa simu, risiti kaandika kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, gwarantii mwezi mmoja ya mdomo. Simu yake inaita kila dakika mbili na anapokea zote, hata ameshika blowa, roho mkononi. Kama una haraka au unapenda kuitwa "bosi karibu maji" hapo si pako. Nampa nyota 4, angekuwa na kiti cha pili ningempa 5.

Lile duka la eisii nyota 1, na hiyo ni ya kibodi, maana A inabonyeka vizuri. Nilipita kudai skrubu zangu mbili, wakaniambia niache namba watanitafuta. Leo siku ya 12.