Vitabu vitatu vya vita vya Pasifiki vimeniangusha

Nimemaliza kusoma vitabu vitatu vya Kiingereza kuhusu vita vya majini katika Bahari ya Pasifiki, 1941 hadi 1945, na vyote vitatu vimeniangusha. Majina yake nayaacha, maana kasoro zake ni za aina moja na utazikuta kwenye vingine vingi vya rafu hiyo. Kimoja ni kinene cha historia ya vita vyote, cha pili ni cha pigano la Midway peke yake, kisiwa kilicho katikati ya Pasifiki, cha tatu ni kikubwa cha picha.

Mimi ni fundi wa injini za meli hapa Mombasa. Kazi yangu yote imekuwa chini ya sitaha, kwenye pampu, mabomba na matangi, na vitabu hivi nilivinunua kwa sababu nilitaka kujua meli zile zilikufaje. Nani alipewa nishani, hilo halikuwa swali langu.

Tuanze na Midway, tarehe 4 Juni 1942, maana hapo ndipo kitabu cha aina hii hujulikana kama kina kitu au hakina. Vyote vitatu vinasimulia hivi: saa 4:20 na kidogo asubuhi, sitaha za meli za Kijapani za kubeba ndege zimejaa ndege zenye mafuta na silaha, injini zinanguruma, zimebaki dakika 5 tu ziruke kwenda kuwamaliza Wamarekani. Ghafla ndege za Enterprise na Yorktown, meli za Kimarekani za kubeba ndege, zinawashukia kutoka juu, na Akagi, Kaga na Soryu zinawaka. Ni hadithi tamu, sikatai. Chanzo chake ni Mitsuo Fuchida, rubani aliyeongoza shambulio la Pearl Harbor. Siku ile alikuwa ndani ya Akagi, na mwaka 1951 yeye na Masatake Okumiya walitoa kitabu kilichotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1955. Tangu hapo waandishi wanaipokezana kama kijiti.

Tatizo ni kwamba Wajapani wenyewe waliacha kumbukumbu za asubuhi ile, na kumbukumbu hizo zinakataa. Zinaonyesha ndege zao za kivita, zile Zero, zikitua na kuruka mara kwa mara kulinda meli. Sitaha ya kutulia ndege haiwezi wakati huohuo kuwa imepangwa ndege za mashambulizi kutoka mwanzo hadi mwisho. Kuzipandisha, kuzipanga na kuzipasha moto injini kulihitaji zaidi ya nusu saa. Ndege za mashambulizi zilikuwa bado chini, ndani ya hanga, yaani ukumbi wa kuwekea ndege chini ya sitaha. Historia rasmi ya Wajapani ilishaonyesha hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 2005 Jonathan Parshall na Anthony Tully wakalichambua kwa Kiingereza, hatua kwa hatua, katika kitabu chao Shattered Sword. Kitabu changu cha Midway kimechapishwa miaka mingi baada ya hapo, na bado kinanipa zile dakika 5.

Hili kwangu si jambo dogo. Kama ndege zilikuwa chini, basi ndiyo maana meli ziliungua vile. Hanga za Wajapani zilikuwa zimefungwa kwa kuta pande zote. Bomu likipasuka mle ndani, kati ya ndege zilizojaa mafuta, topido (makombora yanayokwenda chini ya maji) na mabomu ambayo hayajarudishwa ghalani, moto hauna pa kutokea. Akagi iliangamizwa na bomu moja tu lililoipata sawasawa. Meli za Marekani zilikuwa na hanga zenye milango mikubwa ubavuni, mabaharia wakaweza kusukumia baharini kitu cha hatari. Mwandishi anayeziweka ndege juu ya sitaha amepoteza sababu yenyewe ya kifo cha meli, kisha anajaza nafasi kwa neno “bahati”.

Na hapa ndipo kile kinene kilipoanza kunikasirisha kabisa. Tarehe 8 Mei 1942, kwenye Bahari ya Coral, Lexington ya Wamarekani ilipigwa topido mbili. Moto ulizimwa, ndege zikaanza kutua tena, kisha mvuke wa petroli uliokuwa umevuja ndani ukalipuka na meli ikapotea. Chini ya mwezi mmoja baadaye, pale Midway, mafundi wa Yorktown walitoa petroli kwenye mabomba kabla ya shambulio na kuyajaza kaboni dioksidi. Yorktown ikapigwa mabomu 3, ikazima moto, ikawasha upya boila zake, ikaondoka kwa mwendo uliowafanya marubani wa Hiryu, meli ya nne ya Wajapani, waliokuja na topido wadhani ni meli nyingine isiyoguswa.

Linganisha na Taiho ya Wajapani, meli mpya iliyokuwa kwenye pigano lake la kwanza tarehe 19 Juni 1944. Nyambizi ya Wamarekani, Albacore, iliipiga topido moja. Tangi la petroli ya ndege likapasuka, mvuke ukajaa, na ofisa mmoja akaamuru feni zote zifunguliwe ili kuutoa nje. Feni zikausambaza kila chumba. Meli iliendelea kwenda kwa muda wa saa 6 na zaidi, halafu ikalipuka. Mtu yeyote aliyewahi kuingia tangi lenye gesi atalisoma tukio hili huku moyo ukimdunda. Kile kinene kimeliandikia sentensi moja. Sentensi moja, kitabu kina kurasa zaidi ya mia sita!

Nyambizi za Wamarekani nazo zimeonewa vivyo hivyo. Zilizamisha zaidi ya nusu ya tani za meli za biashara za Japani, lakini hadi 1943 topido zao za Mark 14 zilikuwa mbovu. Katikati ya 1942, Admeri Charles Lockwood alinunua wavu kwa mvuvi huko Albany, Australia, akautandaza baharini, akaamuru topido zipigwe kuelekea wavu. Matundu yalionyesha zinapita zaidi ya mita 3 chini ya kina zilichowekewa. Hata baada ya hapo kifaa cha sumaku na kipini cha kulipulia vilibaki na hitilafu mpaka Septemba 1943. Hayo nimeyapata kwingine. Kwenye vitabu hivi hayamo.

Cha picha, nitasema kwa ufupi: karatasi nzuri, maelezo ya ovyo. Kuna picha imeandikwa Akagi na mnara wa nahodha uko kulia. Akagi na Hiryu ndizo meli za kubeba ndege peke yake zilizokuwa na mnara upande wa kushoto.

Watu wa visiwa hawaonekani. Kile kinene kinamtaja Kennedy, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, na boti yake ya kivita PT-109, kisha kinasema “wenyeji wawili” walimsaidia. Ni Biuku Gasa na Eroni Kumana, wa Visiwa vya Solomon, waliobeba ujumbe wake kwa mtumbwi kati ya Wajapani mwaka 1943. Majina yao yangechukua nusu ya mstari.

Na sisi wa Mombasa? Akagi, Soryu na Hiryu walikuwa Bahari ya Hindi miezi miwili tu kabla ya Midway, wakazamisha Hermes, meli ya Waingereza ya kubeba ndege, karibu na Ceylon (Sri Lanka ya leo), na manowari za Waingereza zikaja kujificha Kilindini. Wavunja siri wa redio za Wajapani waliwekwa kwenye shule ya Allidina Visram. Februari 1944 nyambizi ya Wajapani I-27 ikazamisha meli Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Colombo. Walikufa watu zaidi ya 1,200, wengi wao wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki. Kitabu kinachodai kueleza vita vyote vya majini dhidi ya Japani hakina hata tanbihi yao.

Ukiwa na pesa ya kitabu kimoja, nunua Shattered Sword. Kina michoro ya hanga na lifti, na hakichoki kueleza. Kitabu kingine chochote, fungua kwanza faharasa utafute Taiho na Mark 14. Usipoviona, kirudishe kwenye rafu. Hivi vyangu viwili vya maandishi nipo tayari kubadilishana na yeyote mwenye kitabu kizuri cha mapigano ya majini ya Guadalcanal, kisiwa kimoja cha Solomon, hasa kinachoeleza kazi ya vyumba vya injini.