Sungura kwa upinde: mswage kwa miguu au mtumie mbwa?

Kundi likitaka kuwinda sungura wa cottontail kwa pinde za asili huko Marekani, msimu wa baridi, lazima lichague mapema kati ya njia hizi mbili: kumswaga kwa miguu au kutumia mbwa.

Kuswaga kwa miguu hakuna gharama. Watu wanajipanga mstari, wanapita polepole vichakani, na wawili wanatangulia kusubiri upande wa pili. Simameni ghafla mara kwa mara. Ukimya humtia wasiwasi sungura aliyejificha, akachomoka. Taabu ni kwamba hutoka mbio, na kumpata kwa mshale ni bahati. Pia mstari ukipinda, mshale unaweza kumwelekea mwenzako. Vaeni rangi ya chungwa, na asirushe mtu kuelekea kwenye mstari.

Mimi nachagua mbwa wa beagle, mbwa wadogo wa kufuata harufu, bila kusita. Sungura huyu hapendi kuhama eneo lake, kwa hiyo akifukuzwa huzunguka na kurudi karibu na alikoanzia. Mara nyingi huwa amewaacha mbwa nyuma: anaruka kidogo, anasimama, anatega masikio. Mwindaji aliyetulia hapo, upinde tayari mkononi, anapata shabaha ya karibu. Mbwa wakiwa wamemkaribia, usirushe kabisa.

Kwa njia zote mbili, bebeni mishale ya vichwa butu yenye manyoya mapana, kwani hupunguza mwendo haraka na haipotei mbali. Na glavu za kuchunia msisahau: sungura hubeba tularemia, ugonjwa unaoambukiza binadamu.