Spika na amplifaya za nyumbani: kabla ya wati, uliza omu

Tak! Halafu kimya. Taa nyekundu ya risiva, yaani amplifaya yenye redio na matundu ya televisheni, inapepesa, nami nimesimama katikati ya sebule, remoti mkononi, nimeduwaa. Ilikuwa mara ya nne jioni ile, na mara zote nne ilizima palepale, kwenye wimbo uleule, pale besi inaposhuka na ngoma kubwa kuingia kwa pamoja. Taarifa ya habari haikuisumbua. Gitaa tupu ingelipiga mpaka alfajiri. Besi ikiingia tu, tak.

Nikaweka kiganja juu ya matundu ya mfuniko, nikakitoa mbio. Pasi kabisa.

Aliyeniuzia risiva na spika, yeye huyohuyo, akasema spika ndizo mbovu. Nikambebea. Akaziunganisha kwenye amplifaya yake kubwa ya dukani, zikalia vizuri, akageuza maneno: basi ni waya. Nikanunua waya. Mnene kama kidole, ncha zimepakwa rangi ya dhahabu, bei yake sisemi. Nikarudi nyumbani, nikaufunga, nikaweka wimbo. Tak.

Ndipo nikafanya nililopaswa kufanya kabla ya kutoa hela: nikasoma kijitabu. Ukurasa wa mwisho, kwa herufi za kutafutia miwani, kimeandika kwamba risiva ile inataka spika za omu 6 kwenda juu (omu ni kipimo cha ukinzani, jinsi spika inavyozuia umeme kupita). Nikageuza spika, kibandiko cha nyuma kinasema omu 6. Mbona tuko sawa? Nikaazima multimita kwa fundi, nikachomoa waya, nikagusisha ncha zake kwenye vituo vya spika. Ikasoma 3.3.

Kwa hiyo hapa hutapata habari za rangi ya mbao, Bluetooth wala umbo la remoti. Hayo utayaona mwenyewe. Nitakuchosha na jambo moja, ile alama ya Kigiriki inayofanana na kwato ya farasi, Ω, ambayo wauzaji wengi huipita kana kwamba ni pambo.

Omu za kwenye kibandiko ni jina tu. Spika haina ukinzani mmoja. Unapanda na kushuka kwa kufuata noti. Spika ileile yaweza kufika omu 20 kwenye besi fulani, kisha ikazama mpaka 4 noti chache mbele. Kinachoitesa amplifaya ni pale inapozama. Kiwango cha kimataifa cha IEC kuhusu spika, namba 60268-5, kinataka ukinzani wa chini kabisa usipungue asilimia 80 ya namba iliyotangazwa. Yaani ukiandika omu 8, usishuke chini ya 6.4, ukiandika 6, usishuke chini ya 4.8. Sasa fungua karatasi ya KEF LS50 Meta, spika ninayoiheshimu sana: omu 8, na pembeni yake, ya chini kabisa 3.5. Kwa hesabu ya IEC hiyo ni spika ya omu 4 iliyojipandisha cheo. Lakini KEF wameiandika, na kwa hilo nawavulia kofia. Wapo chungu nzima wanaoandika 8 halafu wananyamaza.

Kwa nini nashikilia hili? Amplifaya haijui kibandiko. Yenyewe inatoa volti, spika ndiyo inayovuta ampea. Amplifaya ya wati 40 kwa omu 8 inatoa volti 18 hivi ikifika mwisho wake, na spika inavuta ampea 2 na ushei. Volti zilezile ukizipeleka kwenye omu 4, ampea zinakuwa 4 na nusu. Kwenye omu 3.5, zimepita 5. Mzigo huo wote unapitia kwenye transista na transfoma, na unatoka kama joto lile lililonichoma kiganja. Amplifaya yenye akili inajikata kwa rilei, swichi inayojifungua yenyewe, ndiyo hiyo tak. Isiyo na akili inaungua.

Kwa hiyo ukienda kununua, hasa spika zilizotumika, nenda na multimita. Hakikisha spika haijaunganishwa na chochote, weka mita kwenye omu, gusa vituo viwili. Spika ya kweli ya omu 8 husoma kati ya 5.5 na 6.5, maana mita inapima waya wa koili tu bila muziki. Ya omu 4 husoma 3 na kidogo. Ikisoma 3.3 na kibandiko kinasema 8, irudishe mahali pake na uage kwa adabu. Muuzaji atakuangalia kama umekuja kumkagua kodi. Mwache aangalie.

Kuhusu wati nina kinyongo, kwa hiyo nivumilie. Boksi la risiva yangu liliandikwa 700 kwa namba za kuonekana ng'ambo ya barabara. Nilipochimba nikakuta ni chaneli 5 na sabufa zimejumlishwa, kila moja imepimwa ikifanya kazi peke yake, kwa noti moja ya hezi 1,000 (mitetemo 1,000 kwa sekunde), sauti ikiwa imekwaruzika kwa asilimia 10. Asilimia 10! Hiyo si sauti, ni malalamiko. Uongo huu una umri. Marekani ilibidi tume ya biashara, FTC, itunge kanuni ya wati za amplifaya mwaka 1974 kwa sababu watengenezaji walikuwa wanajipimia wanavyotaka. Namba ya kuamini ina mambo manne pamoja: omu ngapi, kuanzia hezi 20 hadi 20,000, upotoshaji chini ya asilimia 1, na chaneli zote mbili zikifanya kazi kwa wakati mmoja. Likikosekana moja, wewe gawanya mwenyewe. Na ukiona PMPO, wati za kilele cha kubuni zisizo na kipimo cha kuaminika, usigawanye, ondoka.

Kisha desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti. Karatasi ya spika itakwambia 85, 88 au zaidi, maana yake sauti inayotoka mita 1 ukiipa volti 2.83. Kila desibeli 3 ni sawa na kuzidisha wati mara mbili. Spika ya 88 kwa wati 30 inalingana na ya 85 kwa wati 60. Angalizo dogo: volti 2.83 ni wati 1 kwa omu 8, lakini ni wati 2 kwa omu 4. Spika ya omu 4 inajipa desibeli 3 za bure kwa kutumia umeme mara mbili. Unaona tunavyorudi kwenye omu?

Haya, twende kwenye ndoa zenyewe, za amplifaya na spika.

Ya kwanza, na sifichi upendeleo wangu, ni amplifaya ya NAD C 316BEE V2 na spika za Q Acoustics 3020i. NAD wanaandika wati 40 kwa omu 8 na wati 40 kwa omu 4, basi. Muuzaji atakucheka, atakuonyesha boksi la 700. Lakini wanachokiandika ni kile inachokitoa mfululizo, na kwa mshindo wa ngoma inapanda zaidi ya hapo. Kampuni yenyewe inatoa takwimu zake mpaka omu 2. Tabia hii wanayo tangu NAD 3020 ya mwaka 1978, kiboksi cha wati 20 kilichosukuma spika ambazo amplifaya zenye namba kubwa zilizikimbia. Q Acoustics nao wanaandika kila kitu: desibeli 88, omu 6, ya chini kabisa 4. Hapo hakuna wa kumshtukiza mwenzake. (3020 na 3020i, ni majina tu yamegongana.) Ubaya upo: NAD hii haina Bluetooth, haina tundu la dijitali, na sura yake ni ya afisa wa stoo. Televisheni yako ikiwa na tundu la mwanga (optical) peke yake, utahitaji pembeni kigeuzi cha kuifanya sauti ya dijitali iwe ya kawaida. Mimi ninacho, na kinaning'inia nyuma kama kupe. Sijali. Wimbo wangu unapita pale penye besi na hakuna tak.

Ya pili, amplifaya ya Denon PMA-600NE. Nimeiweka hapa kwa sababu moja: wati 45 kwa omu 8, wati 70 kwa omu 4. Namba inapopanda omu zinaposhuka, ujue usambazaji wake wa umeme una kifua. Ina Bluetooth na tundu la mwanga pia, kwa hiyo asiye na moyo wa kuning'iniza vigeuzi aanzie hapa. Ioanishe na Q Acoustics zilezile au Wharfedale Diamond 12.1.

Ya tatu, amplifaya ya Yamaha A-S301, wati 60 kwa omu 8, inayoaminika kama jirani wa miaka mingi. Lakini geuza nyuma uone kile kiswichi cha kuchagua omu, juu na chini. Watu hukipeleka chini wakidhani wanaipa amplifaya nguvu ya kubeba spika nzito. Kinachofanyika ni kinyume: volti za ndani zinapunguzwa isichemke. Unabaki na wati pungufu kwa spika yenye njaa zaidi. Kwa hiyo Yamaha ninaipa spika ambazo hazitalazimisha kiswichi hicho kuguswa, zilizosoma 5.5 kwenda juu kwenye multimita. Kwa spika hizo, nafasi yake na ya Denon zingebadilishana.

LS50 Meta nimeziacha nje ya mpangilio kwa makusudi. Ni nzuri kuliko zote zilizotajwa hapa, ila ni desibeli 85 na zinazama omu 3.5, zote mbili kwa pamoja. Anayezinunua na amplifaya ndogo kwa sababu hela iliishia kwenye spika atasikia sauti nyembamba, ataongeza, amplifaya itafika ukomo na kuanza kukata vichwa vya mawimbi, na twita, zile spika ndogo za sauti za juu, ndizo zitakazolipa. Wengi huamini amplifaya ndogo haiwezi kuunguza spika kubwa. Inaweza, tena kirahisi, ukiikamua. Zitafutie amplifaya ambayo kijitabu chake kinataja omu 4 bila masharti, tena yenye wati 80 kwenda juu.

Vile viamplifaya vidogo vya ukubwa wa kiganja, Fosi na ndugu zake: vinafaa chumbani, na vinashangaza. Ila zidisha namba za adapta. Volti 32 mara ampea 5 ni wati 160, kwa chaneli zote mbili, kabla ya kilichopotea njiani. Boksi likisema 300 kila upande kwa adapta hiyo, mwambie muuzaji akufundishe na wewe uchawi huo. Asiyetaka hesabu hizi zote achukue spika zenye amplifaya ndani, Edifier R1280T kwa mfano, aliyezitengeneza ameshaoanisha.

Na waya, kwa kuwa bado nauma meno. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, urefu wa mita 5, ukinzani wake kwenda na kurudi ni omu 0.07 hivi. Huo wa kawaida wa fundi umeme. Ule wangu wa ncha za dhahabu haukuwa na cha kuongeza hapo. Kitu pekee cha kukagua ni kama ni shaba kweli: kwangua kidogo kwa kisu, ukiona weupe ndani ni alumini iliyopakwa shaba, na huo unahitaji unene zaidi.

Kama tayari unazo spika na amplifaya yako inajizima, kabla ya kununua chochote angalia vitufe vya A na B, vya kuwasha jozi ya kwanza na ya pili ya spika. Ukibonyeza vyote viwili, jozi mbili za omu 8 kwa amplifaya nyingi zinakuwa mzigo wa omu 4. Jozi mbili za omu 4 zinakuwa omu 2. Zima jozi moja, sogeza amplifaya ipate hewa ya kiganja kizima juu yake, ondoa kitambaa cha urembo ulichokitandika juu ya matundu, kisha weka ule wimbo tena.