Le mani sulla città (1963): muvi ya wizi ambayo mwizi hakimbizwi na mtu

Kama unatafuta mafia na magari yanayokimbizana hii pita tu. Humu wezi wamevaa suti, wamekaa kwenye ukumbi wa baraza la madiwani pale Naples, Italia, na wanaiba kwa kunyoosha mikono, kura zimepigwa, imepita, basi.

Nottola ni mkandarasi na hapohapo ni diwani (hapo tu ushajua). Mwanzoni kabisa yuko shambani nje ya mji anawapigia wenzake hesabu, kwamba hapa leo pori lakini jiji likisogezwa huku, barabara, maji na umeme vikivutwa kwa hela ya umma, faida yake ni 5000%, hii ndo dhahabu ya siku hizi. Nilicheka peke yangu maana madalali wa viwanja wote wana lugha hiyohiyo.

Halafu jengo la zamani linaporomoka pembeni ya saiti yake. Watu wanakufa, kuna mtoto anapoteza miguu. Aisee ile sini, ni 1963 hakuna cha kompyuta, ukuta unashuka kweli mbele ya macho yako, vumbi, watu wanapiga kelele wanakimbia kila upande, nikakumbuka lile ghorofa la Kariakoo la Novemba 2024 ikabidi nisimamishe kwanza nikanywe maji.

Inaundwa tume. Wajumbe wanazunguka ofisi hadi ofisi na kila wanapofika faili lipo, mhuri upo, saini ipo, kila mtu kafanya kazi yake vizuri kabisa, sasa nani kaua? Hapo ndo utamu wote wa hii muvi ulipo. Kuna sehemu madiwani wanaambiwa mikono yao michafu, wanasimama wote wanainyanyua juu wanapiga kelele kuwa ni misafi, nimeirudia mara tatu.

Dairekta ni Francesco Rosi, mzaliwa wa Naples hukohuko, na yule diwani mbishi De Vita kachezwa na Carlo Fermariello ambaye alikuwa mwanasiasa kweli, ndo maana akiongea huoni kama anaigiza. Nottola ni Rod Steiger, Mmarekani, sauti ya Kitaliano wamembandika, dakika za kwanza mdomo unakusumbua ila ukishazoea husikii tena, lile jamaa hata likikaa kimya linatisha.

Ubaya wake maneno ni mengi, na hivi vyama vya kulia, kati na kushoto vinachanganya hadi Nottola mwenyewe anapoanza kuhama chama ndo unaelewa kwa nini walikuwa wanavitaja sana. Wanawake nao kama hawamo.

Ilichukua Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice, mwaka huohuo wa 1963. Maandishi ya mwisho msiyaruke, yanasema watu na matukio ni ya kutunga ila mazingira yaliyowazaa ni ya kweli.