Nimeitazama Vuta N'kuvute huku Mbeya: filamu safi, spika ndiyo majanga

Kama una mdogo wako wa kidato cha sita anayedhani ataitazama filamu hii halafu aache kusoma kitabu, mnyime hela ya kiingilio. Riwaya ya Adam Shafi, ambayo ndiyo chanzo cha filamu hii, ina watu kibao: kuna Bukheti, kuna Shihabu, kuna safari ya Mombasa, kuna Inspekta Wright na Koplo Matata wake. Filamu ya Amil Shivji haizidi sana saa moja na nusu, na yeye amechagua kuwang'ang'ania Yasmin na Denge. Hata namna wanavyokutana kaibadilisha. Kitabuni Yasmin anamtoroka kwanza mumewe, Bwana Raza, anakimbilia kwa Mwajuma kule Ng'ambo, mtaa wa mjini Zanzibar, na Denge anamjua akiwa huko. Kwenye filamu wanaonana usiku, binti akiwa njiani kupelekwa kuolewa.

Mimi sikukasirika. Sisi wa HKL (mchepuo wa Historia, Kiswahili na Kiingereza) tuliimeza Vuta N'kuvute kwa ajili ya mtihani tu. Ukiulizwa Yasmin ni nani, unajibu: ni muhanga wa ndoa ya kulazimishwa, ni jasiri, ana mapenzi ya dhati. Maksi unapata, unaendelea na swali lingine. Hakuna aliyetukalisha tukafikiria kwamba kitabuni huyu ni mtoto wa miaka 15 aliyeozwa kwa mzee wa miaka 52. Ikhlas Gafur Vora, anayemcheza, haongei sana. Anatazama. Anawatazama watu wa Ng'ambo kama mtu aliyefunguliwa dirisha, na taratibu unaona woga unamtoka, anaanza kujua anachokitaka na anachokikataa. Hapo ndipo filamu iliponishika, maana ni binti anakua mbele ya macho yako, wala hakuna anayekuhubiria.

Siti Amina ndiye Mwajuma. Huyu dada ni mwimbaji wa taarabu hata nje ya filamu, na kila akiingia, sehemu nzima inachangamka. Ningeomba wangemwongezea nafasi. Denge wa Gudrun Columbus Mwanyika naye yuko vizuri, ila siasa zake zimepita haraka mno. Anapigania nini hasa, na dhidi ya nani? Ukishakulia nyanda hizi, ukitajiwa mkoloni unamuwaza Mjerumani na Mkwawa. Zanzibar ya miaka ya 1950, Sultani yupo kwenye kiti na Mwingereza ndiye mwenye rungu, ni habari nyingine kabisa. Kijana aliyekaa pembeni yangu aliniuliza, "Kaka, hao si Wajerumani?" Nikamweleza kwa kunong'ona, na wa nyuma yetu wakatufyonya.

Sasa huduma. Ni kibanda umiza, yaani banda la mtaani la kuoneshea filamu, upande wa Mwanjelwa, jina naliacha. Kiingilio elfu mbili, mabenchi ya mbao, picha inapigwa kwenye shuka jeupe. Picha ilitoka vizuri tu, na filamu hii ina giza jingi la vichochoro, kwa hiyo hilo nawapa hongera. Ila sauti! Spika moja, besi imepasuka, kila mtu akisema neno lenye uzito inatoka "vruuu". Halafu mvua ikaanza kupiga bati. Wazanzibari wanaongea kwa lafudhi yao ya mwendo wa haraka, wewe wa Uyole unatega sikio, mvua inakujibu. Robo ya mazungumzo nimeyaelewa kwa sababu kitabu nilikisoma.

Waliozoea filamu zinazotafsiriwa na madijei walianza kuondoka mapema. Filamu inakwenda polepole kweli, hakuna ngumi kila dakika. Waliobaki walitulia tuli. Na tahadhari: mapenzi yamo, si filamu ya kukaa na baba mkwe.

Wanaodai bongo muvi haivuki mipaka wajue hii ilioneshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto mwaka 2021, ikabeba Tanit ya dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Carthage kule Tunisia, mwaka 2022, na mwaka huohuo Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar.

Nne kati ya tano kwa filamu. Kibanda mbili, na moja kati ya hizo ni ya mama wa chai ya tangawizi pale mlangoni. Ukienda, vaa sweta na uwahi benchi la kushoto mbele, ndiko spika iliko.