Miezi saba na padi ya mazoezi ya dramu: mikono sawa, mguu bado tunadaiana

Nimekaa na hii padi miezi saba sasa kwa hiyo naona naweza kuisema bila kuionea. Ni ile ya duara inchi 12, ubao katikati, upande mmoja raba ngumu upande wa pili raba laini, na ndani ya boksi inakuja na kipadi kidogo cha kupigia pedali ya kiki (ile ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu). Niliinunua kwa sababu ya majirani tu, tusidanganyane, mtu anayepiga dramu saa nne usiku hana rafiki.

Upande mgumu ndio kila mtu anaujaribu dukani na ndio ulionidanganya mwezi mzima. Kijiti kinaruka chenyewe aisee, unapiga dabo (mapigo mawili mawili kwa kila mkono) zinatoka kama mvua kwenye bati, unajiona fundi, halafu unakaa kwenye dramu zenyewe unahamia ile tomu kubwa ya chini ambayo ngozi yake imelegea na lile pigo la pili halisikiki kabisa. Kumbe raba ndo ilikuwa inapiga sio mimi. Dabo pigo la kwanza linatoka kwenye kifundo cha mkono, la pili vidole vinakidaka kijiti kikiwa kinarudi na kukisukuma tena, sasa mimi vidole vyangu vilikuwa likizo.

Nikageuza. Upande laini haukupi cha bure, siku ya kwanza nilitaka kulia, mkono wa kushoto ulikuwa kama wa mtu mwingine. Nikarudi metronomu (kile kifaa cha kuhesabia mwendo) midundo 60 kwa dakika, mapigo manne kwa kila mdundo, paradido tu (kulia kushoto kulia kulia, kushoto kulia kushoto kushoto), dakika 5 bila kusimama. Hesabu yake ni mapigo 1,200 na ukifika la mia tatu hivi ndo unaanza kusikia uchafu wako wote, kijiti kimoja kinapanda juu kingine kinachungulia tu, bega linapanda sijui linaenda wapi. Ikitoka safi naongeza midundo 4, sio 20, nilishajaribu 20 nikajikuta nakaza mkono mpaka kiwiko kinauma. Misuli kuchoka ni kawaida ila kiungo kikiuma weka vijiti chini, hakuna ushujaa hapo.

Kuna karatasi pia ya rudimenti 40, yaani mitindo ya msingi ya kupiga, ile orodha ya chama cha wapiga ngoma cha Percussive Arts Society ya 1984. Karatasi nzuri, ila mimi miezi yote hii nimekaa na singo (pigo moja moja kwa kupokezana mikono), dabo, paradido na flamu (pigo dogo linalotangulia kidogo pigo kubwa) na bado hazijaisha utamu. Dakika 20 kila siku, Jumapili napumzika. Kuna wiki nilikosa siku nne nikataka kufidia kwa masaa matatu Jumamosi, matokeo yake kesho yake hata kikombe nilishika kwa mikono miwili.

Sasa kipadi cha mguu, hapa ndo lawama zangu zilipo. Kidogo mno, nyundo ya pedali ikienda pembeni kidogo tu unapiga hewa, pedali ya nyundo mbili hata usiwaze. Kinateleza kwenye vigae, nikakiegemeza ukutani juu ya kipande cha zulia ndo kikatulia. Halafu eti cha kimyakimya, mlio kweli hausikiki sana lakini ule mtetemo unapita sakafuni unashuka moja kwa moja kwa jirani wa chini, na wa chini alikuja kugonga. Nisikinyime haki yake lakini, ndicho kilichonionyesha kuwa nikipiga kisigino juu mguu wangu unawahi metronomu kila mara. Nikashusha kisigino chini, polepole, mbele ya muundi ukawaka moto wiki mbili, ikakaa sawa. Tatizo ni kwamba zoezi hilo hata viatu na sakafu tupu vinatosha.

Mengine madogo: inanuka raba wiki za mwanzo, na upande laini gundi imeanza kuachia pembeni tangu mwezi wa tano.

Padi naipa nyota 4, kipadi cha mguu 2. Ukikuta padi inauzwa peke yake chukua hiyo, changu cha mguu siku hizi kinazuia mlango usijifunge.