Nililipia programu ya kurejesha DLL, kilichonitoa kilikuwa cha bure

Kosa lilinijia mara tatu mfululizo. Nilikuwa nimetoka kusakinisha Windows upya, nikaweka programu ninayotumia kuhariri sauti, nikaibofya, na kidirisha kikatokea: programu haiwezi kuendelea kwa sababu MSVCP140.dll haikupatikana. (DLL ni faili ya msimbo ambayo programu huiazima ili ifanye kazi.) Nikakifunga. Kikaja cha pili kikidai VCRUNTIME140.dll, kisha cha tatu, VCRUNTIME140_1.dll. Nilikuwa na rekodi ya saa mbili ya kukabidhi siku ileile, kwa hiyo sikutulia kusoma. Nilinakili jina la faili ya kwanza, nikalitafuta mtandaoni, nikafungua tovuti ya juu kabisa.

Huduma ninayoizungumzia hapa ina milango miwili. Unaweza kupakua DLL moja moja bila malipo, au ukalipia programu yao inayoahidi kuzitafuta na kuzirudisha zote kwa kubofya mara moja. Niliingia kwa milango yote miwili. Jina silitaji, maana huduma za namna hii ni nyingi na zinafanana.

Nilianza na ile ya bure. Nilipakua faili tatu, nikaziweka kwenye folda ya System32 kama maelezo yao yalivyosema, nikaandika amri ya regsvr32 kuzisajili. Amri ikakataa, ikisema haioni DllRegisterServer ndani ya faili. Nilidhani nimekosea herufi, nikarudia mara nne. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba faili hizi hazina sehemu hiyo wala hazisajiliwi popote. Regsvr32 ni ya aina nyingine ya DLL, lakini ushauri huo hubandikwa kwenye kila ukurasa hata pale usipohusika.

Nilipoifungua programu yangu tena, vile vidirisha vitatu vilikuwa vimetoweka. Furaha yangu haikudumu hata dakika. Badala yake likatokea kosa lenye namba 0xc000007b, bila jina la faili, bila maelezo ya maana. Hapo ndipo nilipolipa. Programu yao ikachunguza kompyuta, ikaniambia nina mamia ya hitilafu (kompyuta iliyosakinishwa asubuhi hiyohiyo!), ikasema imezirekebisha zote, ikanitaka niiwashe upya. Nikawasha. 0xc000007b ikawa palepale.

Nataka nieleze namba hiyo vizuri kwa sababu ilinila usiku mzima, na sikuona mtu aliyeieleza kwa lugha yetu. Maana yake ni kwamba Windows imeiona faili, ila umbo lake haliendani na programu inayoiita. Mara nyingi chanzo ni kuchanganya biti 32 na biti 64, yaani aina mbili za programu, ya zamani na ya sasa. Programu ya biti 64 haiwezi kutumia DLL ya biti 32, na kinyume chake ni hivyohivyo. Mtego uko kwenye majina ya folda. Katika Windows ya biti 64, folda iitwayo System32 ndiyo yenye DLL za biti 64, na za biti 32 zinakaa SysWOW64. Ndiyo, majina yamepinduka. Ni urithi wa zamani ulioachwa ili programu zilizokuwa zikilitafuta jina la System32 zisivunjike. Mimi nilikuwa nimepakua MSVCP140.dll ya biti 32, jina la folda likanishawishi kwamba hapo ndipo mahali pake, na ile programu ya kulipia haikugundua lolote.

Kesho yake nilijaribu sfc /scannow, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha faili zake, kwenye kidirisha cha amri kwa haki za msimamizi, kwa kuwa ndiyo dawa inayopendekezwa kila mahali. Ikamaliza na kusema haikuona faili yoyote iliyoharibika. Ilisema kweli. SFC inalinda faili za Windows yenyewe, na hizi tatu hazimo katika ulinzi wake. Siilaumu zana hiyo hata kidogo: niliwahi kuitumia kwenye kompyuta iliyozimika umeme ukiwa umekatika katikati ya masasisho, nikatanguliza DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth (zana nyingine ya Windows ya kutengeneza mfumo) kisha sfc, na mfumo ukasimama. Kila zana ina kazi yake.

Swali lililonifungua macho lilikuwa fupi: faili hii huletwa na nani? DLL ni mkoba wa vifaa ambao programu nyingi huuazima, badala ya kila moja kubeba nyundo yake. Kwa hiyo kila mkoba una mwenyewe. MSVCP140, VCRUNTIME140 na VCRUNTIME140_1 zote huletwa na kifurushi kimoja cha Microsoft, Visual C++ Redistributable, ambacho cha 2015 hadi 2022 ni kimoja kwa sababu matoleo hayo yanapokezana. Ukiona MSVCR120.dll, hiyo ni ya kifurushi cha 2013, na MSVCR100.dll ni ya 2010. Hivi vya zamani havichukuliwi nafasi na kipya, vinakaa pamoja bila kugombana, kwa hiyo usivisanidue eti unafanya usafi.

Nilifuta faili zote nilizoziweka kwa mkono, nikasanidua ile programu ya kulipia, nikapakua vc_redist.x64.exe (ya biti 64) na vc_redist.x86.exe (ya biti 32) kutoka tovuti ya Microsoft. Niliviweka vyote viwili, kwa sababu kompyuta ya biti 64 bado huendesha programu nyingi za biti 32. Nikawasha upya. Programu ya sauti ikafunguka. Kazi nzima haikufika dakika kumi, wala sikulipa chochote.

Jambo moja dogo lakini chungu: VCRUNTIME140.dll na VCRUNTIME140_1.dll si faili moja. Ya pili ilikuja na kifurushi cha 2019 na ni ya biti 64 tu. Mwenye kifurushi cha zamani ataiona ya kwanza kwenye folda, aapie kwamba faili anayo, na kosa liendelee kumwambia haipo.

Tathmini yangu: tovuti ya DLL moja moja na programu yake, nyota moja kati ya tano, na hiyo moja ni kwa sababu ilikubali kusanidulika. Niliomba kurejeshewa pesa na sijajibiwa hadi leo. Kinachonikera kuliko pesa ni usalama. DLL ni msimbo unaotekelezwa ndani ya programu unayoiamini, na mimi nilikuwa nikiuingiza kwenye folda nyeti kuliko zote bila kujua ulitoka mikononi mwa nani. Kifurushi cha Microsoft nakipa nyota nne. Ya tano naizuia kwa sababu ya lile kosa lenyewe: lingeweza kutaja kifurushi, sio faili tu.

Wiki mbili baadaye mdogo wangu alinipigia, mchezo wake wa zamani unadai d3dx9_43.dll ilhali kompyuta yake ni mpya na ina DirectX 12 (DirectX ni maktaba za Microsoft ambazo michezo huzitumia kwa picha na sauti). Alikuwa tayari yuko kwenye tovuti ileile, kidole juu ya kitufe. Nilimwambia afunge ukurasa, apakue DirectX End-User Runtime ya Juni 2010 kutoka Microsoft, kwani maktaba hizo za zamani haziji na Windows mpya. Tulikuwa bado kwenye simu nikasikia muziki wa mchezo unaanza.